Kupima Huzuni kwa Kishikwambi: Nani Atalipokea Jawabu?

Miongoni mwa mambo yaliyokwisha kuthibitishwa na utabibu wa leo ni kwamba mtu mwenye maradhi ya mwili ya muda mrefu, kama vile sukari, moyo, figo au saratani, aghalabu huwa amebeba na mzigo wa pili ambao hauonekani kwenye mizani wala kwenye kipimo cha damu. Mzigo huo ni huzuni nzito isiyoondoka, ambayo wataalamu wa lugha wameipa jina la sonona, na wahka wa moyo usiotulia, ambao sote tunaujua kwa jina la wasiwasi. Uchambuzi mmoja uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba mwenye kisukari ana uwezekano wa kupatwa na sonona takriban mara mbili ya asiyekuwa nacho. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na milioni 280 walikuwa na sonona. Hizi si habari za watu wa mbali. Visiwa vyetu, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, vina watu 1,889,773, na yeyote aliyewahi kufika kliniki ya sukari au ya presha siku ya zamu anajua kwamba pa kukaa hapapatikani.

Katika nchi nyingi umeanza utaratibu wa kuwapima wagonjwa wa kliniki za namna hii kwa njia ya kidijitali. Mgonjwa anapongoja zamu yake hupewa kishikwambi, au hutumiwa maswali katika simu yake kabla hajatoka nyumbani. Huulizwa usingizi wake, hamu yake ya chakula, furaha yake na hofu zake. Majibu hujumlishwa na mashine yenyewe, na daktari bingwa wa sukari au wa moyo hukuta alama zimekwisha kuwamo ndani ya faili kabla mgonjwa hajakaa kitini. Marekani, vituo vya saratani vinavyotaka ithibati ya chombo chao kikuu vilitakiwa kuanzia mwaka 2015 viwe na utaratibu wa kupima dhiki ya wagonjwa wao.

Tunaandika leo kusema kwamba utaratibu huu unafaa kuletwa hapa, na wala usicheleweshwe. Lakini tunasema vile vile, na kwa sauti ile ile, kwamba kisinunuliwe kishikwambi hata kimoja kabla ya kupatikana mtu wa kulipokea jawabu.

Tutaanza na lililotukuta wenyewe. Si muda mrefu tulimsindikiza shangazi yetu, mtu wa shamba mwenye umri wa miaka sitini na ushei, kwenda kliniki ya sukari ya hospitali moja ambayo hatutaitaja, kwa sababu tunaamini kwamba kwengineko mambo yasingekuwa tofauti. Alifika mapema, baada ya sala ya alfajiri. Alipimwa uzito, akapimwa presha, akatobolewa kidole, akatazamwa nyayo kwa uangalifu mzuri kabisa. Sukari ilikuwa juu kama ilivyokuwa mara iliyotangulia. Daktari, kijana mwenye adabu, akamuuliza, "Bibi, sindano zako unazipiga?" Akajibu, "Nazipiga, mwanangu." Daktari akaongeza kipimo cha dawa, akaandika, akaita mwengine. Yote hayo hayakuzidi dakika tano, na hatumlaumu, maana nje walikuwapo watu zaidi ya arobaini wakimngoja.

Ndani ya daladala ya kurudi ndipo shangazi alipotwambia, bila ya kuulizwa, kwamba sindano hakuzipiga tangu Mfunguo Tatu. Dawa zilikuwamo ndani ya mtungi wa maji kama alivyofundishwa kuzihifadhi, hazikuguswa. "Nikiamka asubuhi sioni sababu," alisema. "Mtu anapiga sindano ili aione kesho. Na mimi hiyo kesho siitaki wala siikatai." Tukamuuliza kwa nini hakumwambia daktari. Akatushangaa. "Hakuniuliza, baba. Nami nitaanzia wapi?"

Yafaa wasomaji watazame vyema hatari iliyokuwapo hapo. Daktari aliongeza dawa kwa mtu ambaye dawa aliyokuwa nayo haitumii. Lau siku moja angeamua, kwa kuwaridhi watoto wake, kuanza tena na kile kipimo kipya kilichoongezwa juu ya cha zamani, sukari ingaliweza kushuka kwa kasi hadi kumpoteza fahamu akiwa peke yake nyumbani. Na serikali ingalikuwa imegharimia dawa, daktari, mashine na karatasi, kila kitu isipokuwa swali moja.

Sasa tuyatazame maswali yenyewe, maana wapo viongozi ambao hudhani kwamba hapa panazungumzwa mtambo mkubwa wa mamilioni. Hojaji inayotumika zaidi duniani kwa sonona ina maswali tisa tu. Iliundwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na uthibitisho wake ukachapishwa mwaka 2001. Wataalamu huiita PHQ-9. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita, na kila jawabu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni 27. Anayefikisha 10 huhesabiwa kuwa anastahili kuangaliwa zaidi. Ya wasiwasi, iliyotoka mwaka 2006, ina maswali saba na alama 21. Iko pia fupi kabisa ya maswali mawili, ambayo anayepata 3 kati ya 6 ndiye huendelea na yale tisa. Zote hutolewa bure, bila ya leseni. Ya maswali tisa na ile ya mawili zilijaribiwa kwa wagonjwa wa virusi vya UKIMWI huko Kenya ya magharibi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba zinaweza kutegemewa. Kwa hivyo gharama haimo katika maswali.

Lakini yafaa ieleweke mapema kwamba alama si ugonjwa. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba, kwa kiwango cha alama 10, hojaji hii huwagundua watu 88 katika kila 100 wenye sonona ya kweli, na huwaacha salama watu 85 katika kila 100 wasiokuwa nayo. Msikilizaji wa haraka atasema kwamba hiyo ni kazi nzuri, nasi tunakubali. Hebu basi tufanye hesabu ya skuli. Chukua wagonjwa 100 wa kliniki moja, na tuseme kwa mfano kwamba 10 kati yao wana sonona. Mashine itawakamata 9 kati ya hao kumi. Lakini katika wale 90 waliobakia itawakamata vile vile 13 au 14 ambao hawana ugonjwa huo. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watakaoandikwa kwa wino mwekundu hawana sonona. Wamechoka, wamefiwa, wana deni, au wana sukari tu. Ni mtu mwenye ujuzi, aliyekaa na mgonjwa akamwangalia usoni, ndiye awezaye kumbagua huyu na yule. Mashine haiwezi.

Jambo hilo ni zito zaidi katika kliniki za mabingwa kuliko kwengineko. Miongoni mwa maswali yale tisa yamo ya uchovu, ya usingizi na ya chakula. Mwenye sukari iliyopanda huchoka na huamka usiku mara nne kwenda chooni. Mwenye figo chakula humkinai. Mwenye saratani hukonda. Wote hawa hukusanya alama kabla moyo haujasema neno. Ndiyo sababu, tangu mwaka 1983, Zigmond na Snaith wa Uingereza waliunda hojaji nyengine kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali hasa, wakayaacha makusudi yale maswali ya mwili. Tunawaomba wataalamu wa Wizara waipime kazi hiyo kabla ya kuchagua, ingawa matumizi ya hojaji hii ya pili huhitaji leseni.

Wapo watakaouliza: kwani kishikwambi cha nini, ilhali muuguzi ana ulimi wa kuulizia? Swali hili ni la haki, na jawabu lake limo katika maisha yetu ya visiwani. Sisi ni watu tunaojuana. Muuguzi aliyeko mezani ni mtoto wa jirani, au mke wa binamu, au alisoma darasa moja na mwanao. Mama ambaye hali chakula kwa sababu ya dhiki ya nyumbani hatamwambia muuguzi huyo habari hizo, hata akiulizwa kwa upole wa namna gani, kwa kuwa anajua kwamba jioni muuguzi atapita mtaani kwake. Mbele ya chombo kisicho na masikio wala ukoo, watu wengi husema yale ambayo huyaficha mbele ya watu; hili limeonekana katika tafiti za nchi mbali mbali. Hapo ndipo penye faida ya kweli ya dijitali kwetu, zaidi ya huo wepesi wa kujumlisha alama. Na wala kishikwambi si kitu kigeni tena: sensa ya Agosti 2022 iliendeshwa kwa vishikwambi hadi vijiji vya mwisho, na wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wamebeba simu majumbani kuwafuatilia kina mama na watoto.

Hata hivyo, faida hiyo hupotea kwa urahisi. Mgonjwa wetu haji kliniki peke yake. Huja na mume, au binti, au mkwe, naye ndiye atakayekishika kishikwambi kwa sababu bibi haoni. Tusisahau kwamba tunazungumza juu ya wenye sukari, ambao macho ni katika viungo vinavyodhurika mwanzo. Kuyaweka maswali kwa maandishi madogo mbele ya mtu kama huyo ni sawa na kutomuuliza. Maswali na yasomwe kwa sauti, kwa njia ya vifaa vya masikioni, na jawabu liwe la kugusa alama kubwa. Patengwe pembe moja yenye pazia. Na jamaa aliyemleta aambiwe kwa heshima angojee nje kwa dakika tano, kama anavyoambiwa mgonjwa anapopimwa kipimo chochote cha siri. Wanaume watanuna mwanzoni. Watazoea.

Sauti itakayosoma iwe sauti ya kwetu. Tunasema haya kwa sababu tumekwisha kuona vitabu vya afya vilivyofasiriwa neno kwa neno, ambavyo hata aliyevifasiri hawezi kuvieleza. Neno sonona ni zuri na limo kamusini, lakini mzee wa Makunduchi, wa Tumbatu au wa Micheweni ukimuuliza kama ana sonona atakuuliza ni mdudu gani. Mwenyewe atakwambia moyo wake mzito, nafsi haina raghba, ana mawazo mengi, amekuwa mnyonge, roho yamwenda mbio, kifua kinambana. Na neno wasiwasi lina mtego wake, kwani wengi wetu hulielewa kwanza kuwa ni ule wasiwasi wa udhu na sala. Hojaji iliyofaa magharibi ya Kenya haikufaa moja kwa moja hapa. Na ikasomwe mbele ya wazee wa Unguja na Pemba, waulizwe wamefahamu nini, na kisha ndipo ipimwe upya. Taasisi zetu za elimu zina watu wa lugha na watu wa utabibu ambao wangeweza kuifanya kazi hii pamoja.

Tunajua vile vile kwamba watakuwapo watakaosema kuwa haya ni maradhi ya Wazungu, na kwamba Muislamu mwenye imani hapatwi na huzuni ya namna hii. Kauli hii imewanyamazisha watu wengi, nasi hatuikubali. Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kuingia skuli tunaikumbuka dua ambayo Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akiiomba mara kwa mara, ya kutaka kinga ya Mwenyezi Mungu kutokana na hamm na hazan. Mwalimu wetu, aliyekuwa na bakora nyepesi na ufafanuzi mzito, akitwambia kwamba hamm ni dhiki ya lile ambalo bado halijafika, na hazan ni dhiki ya lile lililokwisha kupita. Madaktari wa leo hawana mgawanyo ulio wazi kuliko huo baina ya wasiwasi na sonona. Na ikiwa Mtume mwenyewe aliomba kinga ya mambo hayo mawili, nani miongoni mwetu atakayedai kwamba kupatwa nayo ni upungufu wa imani? Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile ambayo mwenyewe haijui sababu yake, na akataka tabibu aitazame nafsi pamoja na mwili. Hatusemi kwamba sala haimpi mtu utulivu. Tunasema kwamba aliyevunjika mguu naye husali, na kisha hufungwa bendeji.

Tulijie sasa sharti letu. Jopo la wataalamu linaloishauri Marekani mambo ya kinga lilisema mwaka 2009 kwamba watu wazima wapimwe sonona pale ambapo pana wafanyakazi wa kuwasaidia watakaogundulika, na kwamba pasipokuwa na msaada huo upimaji wa jumla usifanywe. Jopo hilo hilo mwaka 2023 likaongeza upimaji wa wasiwasi kwa watu wazima wasiozidi miaka 64. Kanada, kwa upande wake, ilishauri mwaka 2013 kwamba upimaji wa jumla wa sonona usifanywe kabisa, kwa kuwa ushahidi wa faida yake haukuwaridhisha. Wataalamu wa nchi hizi mbili walikhitilafiana juu ya mengi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba swali peke yake humponya mtu.

Kilichoponya, pale kilipoponya, kilikuwa ni watu. Katika jimbo la Washington, huko Marekani, wagonjwa 214 wenye sonona pamoja na sukari au maradhi ya moyo walishughulikiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Nusu yao walipewa muuguzi maalumu aliyewafuatilia kwa mwaka mzima, akisimamiwa na madaktari. Sonona yao ilipungua kuliko ya wenzao, na pamoja nayo sukari, presha na mafuta ya damu. India, nchi ambayo wagonjwa wetu wengi tunawapeleka kwa matibabu makubwa, ilifanya jambo linalokaribiana zaidi na hali yetu. Katika kliniki nne za sukari wagonjwa 404 walichaguliwa kwa ile ile hojaji ya maswali tisa. Wale waliopewa washauri wa kuwafuatilia, wakisaidiwa na programu ya kompyuta iliyowakumbusha madaktari hatua ya kuchukua, walipata nafuu ya moyo na ya mwili kuliko waliopewa matibabu ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kompyuta ilikuwapo, tena ilisaidia sana. Lakini ilikuwa msaidizi wa mshauri, na mshauri alikuwapo.

Na asije mtu akatwambia kwamba sisi hatuna madaktari bingwa wa akili wa kutosha kwa kazi hiyo. Ni kweli hatunao. Visiwa hivi vina hospitali moja tu ya maradhi ya akili, Kidongo Chekundu, na jina hilo tumeligeuza kuwa matusi ya watoto barabarani. Mgonjwa wa sukari wa Konde ukimwambia kwamba alama zake zimepanda na kwa hivyo apande boti kwenda Kidongo Chekundu, hatokwenda, na kliniki ya sukari yenyewe huenda asirudi. Lakini Zimbabwe nayo ilikuwa na upungufu huo huo. Daktari Dixon Chibanda alipoanza kazi yake mjini Harare mwaka 2006, aliwafundisha wanawake wazee wa mtaani, wahudumu wa afya wa kawaida, kukaa na mgonjwa katika benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza, na kumsaidia kulikabili tatizo moja moja. Hojaji waliyoitumia ilikuwa ya lugha ya Kishona, na ugonjwa wenyewe waliuita kwa neno la watu, lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliofanywa katika zahanati 24 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa katika mabenchi hayo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi ambao kila nyumba ya zamani ina baraza ya mawe mlangoni, na kila mtaa una bibi mmoja ambaye watu humpelekea siri zao, hatuna haja ya kufundishwa maana ya kukaa na kusikilizana. Tunalohitaji ni kuwafundisha watu hao kazi, kuwasimamia, kuwafunga ulimi kwa kiapo, na kuwalipa. Hilo la kuwalipa tunalirudia, maana neno kujitolea limetumika kupita kiasi katika nchi hii.

Liko swali la tisa katika ile hojaji ambalo hatuwezi kulipita kimya. Linamuuliza mgonjwa kama imemjia fikra kwamba bora afe, au ajidhuru. Wapo waliotaka kulifuta kwa kuona kwamba ni swali la kufuru. Tunawasihi wasilifute, kwani kumuuliza mtu swali hilo hakumtii fikra hiyo. Aghalabu humpunguzia upweke. Lakini kliniki inayouliza swali hilo asubuhi na kulisoma jawabu baada ya wiki mbili, alama zinapokusanywa kwa ajili ya ripoti, imefanya jambo baya zaidi kuliko kutouliza. Aliyejibu ndiyo asitoke nje ya geti siku ile kabla hajazungumza na mtu. Na mtu huyo asiwe askari. Kenya, Mahkama Kuu iliamua mnamo Januari 2025 kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji kinapingana na Katiba ya nchi hiyo. Wanasheria wetu wangefanya vyema wakiisoma hukumu hiyo.

Kuhusu siri ya majibu, tutasema machache. Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Afya, hata hivyo, si jambo la Muungano, na kwa hivyo ni wajibu wa Wizara yetu na wa Baraza la Wawakilishi kuhakikisha kwamba taarifa za moyo wa mtu, zikishaingia katika mashine ya hospitali, zina ulinzi ulio wazi kisheria: nani azione, zikae muda gani, na zikivuja nani ashitakiwe. Katika visiwa hivi posa huvunjika kwa maneno madogo zaidi ya hayo. Binti wa miaka ishirini na miwili mwenye pumu, akijua kwamba alama zake zinaweza kufika kwa familia ya mchumba, atajibu sifuri katika kila swali, na mashine itaandika kwamba yu mzima.

Tumeshuhudia vifaa vingi vikizinduliwa kwa hotuba na picha, kisha vikakaa kabatini kwa kukosa chaji au kwa kukosa mtu mwenye neno la siri. Hofu yetu ni kwamba vishikwambi hivi vitakuja kwa njia hiyo hiyo. Mfadhili atavitoa, utepe utakatwa, na baada ya mwaka ripoti itasema kwamba wagonjwa elfu kadhaa wamepimwa, bila ya kusema ni wangapi waliosikilizwa. Ripoti ya namna hiyo isipokelewe. Katika kila kliniki itakayoanza, idadi ya waliopimwa iandikwe pembeni mwa idadi ya waliozungumza na mtu siku ile ile, na ya waliorudi mara ya pili, na wasimamizi waulizwe juu ya hizo mbili za mwisho.

Maoni yetu ni kwamba kazi ianze kwa udogo. Ichaguliwe kliniki moja ya sukari Unguja na moja Pemba. Kwa miezi mitatu ya mwanzo pasiwe na kishikwambi chochote: wafundishwe wauguzi wawili katika kila kliniki, wapunguziwe kazi nyengine ili wawe na saa zao za kukaa na wagonjwa, na kipatikane chumba. Dawa zihakikishwe dukani mwa hospitali. Fluoksetini na amitriptilini ni dawa za siku nyingi na si ghali, lakini dawa rahisi isiyokuwapo haimsaidii mtu. Wauguzi waanze na yale maswali mawili kwa mdomo, na atakayefikisha alama tatu aulizwe yale tisa. Baada ya hapo, ikionekana kwamba anayehitaji kusikilizwa anasikilizwa kweli, ndipo mashine ije kuwapunguzia wauguzi kazi ya kuuliza na kuwapa wagonjwa faragha ya kujibu.

Makadirio ya matumizi ya Wizara ya Afya yatakapofikishwa mbele ya Baraza la Wawakilishi, tutayasoma tukitafuta fungu la mishahara ya wauguzi hao. Waheshimiwa Wawakilishi wakikuta limeandikwa fungu la vishikwambi peke yake, tunawaomba wasimame waulize. Shangazi yetu ana tarehe ya kurudi kliniki mwezi ujao, na safari hii tumekwisha kumwambia daktari mwenyewe, kwa simu, habari za ule mtungi wa maji.